Kidole Kilichochelewa

Kwenye kriketi, mwamuzi hamtoi mpigaji mpaka aulizwe. Ndivyo sheria inavyosema. Hata kama mpira umempiga mpigaji mguuni mbele ya vijiti vyake na uwanja mzima umeona, mwamuzi hatanyanyua kidole mpaka upande unaorusha mpira umgeukie na kumwuliza: vipi hiyo? Basi wanauliza. Wachezaji wanageuka kwa pamoja, mikono juu, sauti zimewapanda, na mtu mmoja mwenye kofia anabaki peke yake na jibu.

Waamuzi wengi hujibu papo hapo. Steve Bucknor hakuwa hivyo. Mjamaika huyu mrefu, mwembamba, alikuwa anasimama kimya kana kwamba hajasikia. Sekunde moja, mbili, tatu. Mrushaji anaanza kukata tamaa, mpigaji anaanza kupumua. Kisha Bucknor anatikisa kichwa taratibu, kama mzee anayekubaliana na hoja aliyoisikia ndani ya nafsi yake, na kidole cha shahada kinapanda. Safari ya mpigaji imekwisha.

Kwa miaka 20, kuanzia 1989 hadi 2009, kidole hicho kilitoa hukumu katika mechi 128 za Testi, zile za siku tano, na mechi 181 za siku moja za kimataifa. Kilisimamia fainali tano mfululizo za Kombe la Dunia: 1992, 1996, 1999, 2003 na 2007. Lakini ukimtaja Bucknor leo mbele ya shabiki wa kriketi kutoka India, hatakuambia habari za fainali tano. Atakuambia habari za Sydney, Januari 2008. Atakuambia habari za Sachin Tendulkar. Na huenda asiseme kwa upole.

Nimeifuatilia historia ya mtu huyu kwa sababu sisi tuliokua na soka tunadhani mjadala wa VAR ni wetu na ni mpya. Kriketi iliingia kwenye mjadala huo mwaka 1992, na Bucknor alikuwepo siku zake za mwanzo kabisa. Kazi yake yote ilipita katikati ya mambo mawili: jicho la mtu na jicho la kamera.

* * *

Alizaliwa Montego Bay, Jamaica, tarehe 31 Mei 1946. Kabla dunia haijamjua alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari na kocha wa michezo. Pia alikuwa refa wa soka, tena si wa mchangani: mwaka 1988 alichezesha mechi ya kufuzu Kombe la Dunia kati ya El Salvador na Antili za Uholanzi. Umri ndio uliomtoa. FIFA iliweka ukomo wa miaka 45 kwa marefa wake, na Bucknor alikuwa anaukaribia. Kriketi haikudai miguu yenye kasi. Ilidai macho, masikio na subira.

Mechi yake ya kwanza ya Testi ilikuwa nyumbani, katika uwanja wa Sabina Park mjini Kingston, kuanzia tarehe 28 Aprili 1989, kati ya West Indies na India. Alikuwa anakaribia miaka 43. Mwanamichezo wa umri huo huwa anaandaliwa sherehe ya kuagwa. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza.

Kwa msomaji asiyeijua kriketi, naomba nieleze kazi yenyewe, maana bila kuielewa huwezi kuelewa uzito wa makosa yake. Katikati ya uwanja kuna njia ya urefu wa mita 20 na kidogo. Mrushaji anakuja mbio kutoka nyuma ya mwamuzi, anampita karibu kumgusa, na kuutupa mpira mgumu wa ngozi kwa kasi ambayo kwa warushaji wakali hufika kilomita 140 kwa saa. Tangu mpira utoke mkononi mpaka umfikie mpigaji ni chini ya nusu sekunde.

Ndani ya muda huo mwamuzi anatakiwa kwanza aangalie chini, aone kama mguu wa mbele wa mrushaji umevuka mstari. Halafu ainue macho, aukamate mpira ukiwa njiani, aone ulipodundia. Kama umempiga mpigaji kwenye pedi za miguu, ajiulize: ulidundia wapi? Ulimpiga akiwa mbele ya vijiti au pembeni? Uligusa gongo kwanza? Na kama mguu usingekuwepo, je, mpira ungeendelea mpaka ugonge vijiti, au ungepita juu? Swali hilo la mwisho ni gumu kuliko yote, kwa sababu linahusu jambo ambalo halikutokea. Mwamuzi anaulizwa habari za safari ambayo mpira haukuisafiri.

Kuna na lile la sauti. Mpira ukigusa ukingo wa gongo na kudakwa na mlinda wiketi aliye nyuma, mpigaji ametoka. Mguso huo unaweza kuwa mdogo hata macho yasiuone, ukasikika tu kama kucha ikigonga meza. Sasa fikiria kuutafuta mlio huo uwanja ukiwa umejaa, ngoma zinapigwa, na mlinda wiketi ameshaanza kushangilia. Anafanya hivyo kuanzia asubuhi hadi jioni, siku tano, huku akihesabu mipira sita ya kila ova na kushika kofia na sweta za warushaji.

Nadhani ndiyo maana Bucknor alichelewa. Mwalimu wa hisabati haandiki jibu kabla hajapita tena kwenye njia. Kile kimya chake kilikuwa muda wa kurudisha picha nyuma kichwani, hatua kwa hatua, kabla ya kusema ndiyo au hapana. Alijitengenezea marudio yake mwenyewe wakati uwanja haukuwa na mashine ya kumpa.

* * *

Alifika wakati kriketi ilikuwa na ugonjwa wa kutoaminiana. Kwa zaidi ya miaka 100, waamuzi wa mechi za Testi walitoka nchi mwenyeji. Ukienda Pakistan unahukumiwa na Wapakistani. Ukienda Uingereza unahukumiwa na Waingereza. Kila timu iliporudi nyumbani imefungwa, ilirudi na hadithi za kuibiwa. Mwaka 1986 Imran Khan, nahodha wa Pakistan, alichoshwa na lawama hizo. Katika mfululizo wa mechi dhidi ya West Indies, Pakistan ikawaalika waamuzi wawili kutoka India, hasimu wake mkubwa, wachezeshe mjini Lahore. Mwaka uliofuata, mjini Faisalabad, nahodha wa Uingereza Mike Gatting na mwamuzi wa Pakistan Shakoor Rana walinyoosheana vidole na kutupiana maneno mbele ya kamera, na siku nzima ya mchezo ikapotea.

Dawa iliyopendekezwa ilikuwa mwamuzi asiye wa upande wowote. Kwa hiyo akahitajika mtu wa aina mpya: anayeweza kusafiri miezi kadhaa kwa mwaka, kulala hotelini, kuamka na kuhukumu watu ambao hana undugu nao. Mwalimu kutoka Montego Bay alifaa. Machi 1992 alisimama katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Melbourne, Pakistan dhidi ya Uingereza, mbele ya watazamaji zaidi ya 87,000. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu aanze kuchezesha mechi za kimataifa.

Novemba mwaka huohuo alikuwa Afrika Kusini. Nchi hiyo ilikuwa imefungiwa kriketi ya kimataifa kwa zaidi ya miaka 20 kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na hata kabla ya hapo timu yake ya Wazungu haikuwahi kucheza Testi na India, Pakistan wala West Indies. Sasa India ilikuwa imekuja. Uchaguzi wa kwanza wa watu wote ulikuwa bado uko mbele, mwaka 1994. Na pale katikati ya uwanja wa Wanderers, Johannesburg, mwenye mamlaka ya kuwatoa Wazungu na Wahindi kwa kidole kimoja alikuwa mtu mweusi kutoka Jamaica. Sijui kama mtoto mweusi wa Soweto aliyeiona picha hiyo kwenye televisheni alijali lolote kuhusu kriketi. Najua tu kwamba picha yenyewe isingewezekana miaka michache nyuma.

Mfululizo huo wa mechi ulikuwa pia na jambo jingine jipya. Kwa mara ya kwanza katika Testi kulikuwa na mwamuzi wa tatu, anayekaa ndani mbele ya televisheni. Mwamuzi wa uwanjani akiwa na shaka, kwa mfano mpigaji aliyekuwa akikimbia amefika mstarini kabla vijiti havijagongwa au la, angeweza kuchora mraba hewani kwa vidole na kusubiri jibu. Mjini Durban, tarehe 14 Novemba 1992, kijana wa miaka 19 aitwaye Sachin Tendulkar akawa mchezaji wa kwanza katika historia ya Testi kutolewa kwa msaada wa kamera.

Siku chache baadaye, Johannesburg, zamu ikawa ya Bucknor. Jonty Rhodes wa Afrika Kusini alikuwa anakimbia, vijiti vikagongwa, Wahindi wakauliza. Bucknor aliamini ameona. Akasema hajatoka. Wahindi wakamsihi achore ule mraba. Hakuchora. Marudio ya televisheni yalionyesha kwamba Rhodes alikuwa bado hajafika. Aliendelea kucheza mpaka akafikisha mikimbio 91, na mechi ikaisha kwa sare.

Kwa macho ya leo ni rahisi kumwita mwenye kiburi. Lakini sheria ilimwambia aulize akiwa na shaka, na yeye hakuwa nayo. Kosa lake lilikuwa kujiamini, na kujiamini ndiko kulikomfikisha pale. Tangu siku hizo waamuzi walijifunza kuchora mraba hata kwa jambo lililo wazi kama mchana. Kuuliza kulikuwa hakugharimu chochote. Kutouliza kungeweza kukugharimu jina.

* * *

Nisingependa uondoke ukidhani huyu alikuwa mwamuzi mbovu. Mwamuzi mbovu hapewi fainali tano.

Chukua Karachi, Desemba 2000. Uingereza ilihitaji mikimbio 176 kushinda mfululizo nchini Pakistan kwa mara ya kwanza baada ya miaka 39. Pakistan haikuwa imewahi kushindwa Testi hata moja katika uwanja huo. Jua lilikuwa linazama, na wakati wa mfungo wa Ramadhani giza huko huingia mapema. Nahodha wa Pakistan, Moin Khan, alianza kupoteza muda: kusogeza wachezaji huku na kule, kuvuta kila ova, akisubiri mwanga uishe ili mechi iahirishwe kwa sare. Mara kwa mara alimwomba mwamuzi asimamishe mchezo. Bucknor alikataa. Hoja yake ilikuwa rahisi: wewe ndiye uliyechelewesha, huwezi kufaidika na giza ulilolisubiri. Wakacheza mpaka wachezaji wa pembeni wakawa hawauoni mpira vizuri, na Uingereza ikashinda kwa wiketi sita. Uamuzi huo ulidai mtu asiyetishika, na pengine mtu aliyezoea wanafunzi wanaojivuta makusudi ili kengele ilie kabla ya jaribio.

Mwaka 2002 Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, lilianzisha jopo la waamuzi bora waajiriwa, na kuanzia hapo waamuzi wote wawili wa Testi hawakutoka katika nchi zinazocheza. Bucknor aliingia bila mjadala. Mwaka 2003 Kombe la Dunia lilifanyika Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya, na Kenya yetu ya akina Steve Tikolo na Maurice Odumbe ikashangaza ulimwengu kwa kufika nusu fainali, hatua ambayo hakuna nchi isiyo na hadhi ya Testi iliyowahi kuifikia. Fainali ilikuwa Wanderers, uwanja uleule wa mwaka 1992. Bucknor alikuwa katikati tena, akiwa na Mwingereza David Shepherd, mwenzake wa fainali tatu. Mwaka 2005 akawa mwamuzi wa kwanza kufikisha Testi 100.

Lakini katika miaka hiyohiyo kitu kilikuwa kinabadilika sebuleni kwa watu. Televisheni ilikuwa imepata kamera zinazopunguza mwendo, vipaza sauti vilivyofichwa kwenye vijiti, na programu za kompyuta zinazochora njia ya mpira hata ile ambayo haikusafiriwa. Lile swali gumu la nusu sekunde sasa mtazamaji alijibiwa kwa mstari wa rangi kwenye skrini, huku amekaa na kikombe cha chai mkononi. Mtu mmoja tu kati ya mamilioni hakuruhusiwa kuuona mstari huo kabla ya kuamua: mwamuzi. Kamera ya kukimbia na kufika mstarini alipewa. Ya mpira uliogonga mguu au kugusa gongo hakupewa.

Kwa hiyo Desemba 2003, mjini Brisbane, Tendulkar aliuacha mpira wa Jason Gillespie upite bila kuupiga, ukamgonga juu ya pedi. Bucknor akasubiri, akatikisa kichwa, akanyanyua kidole. Tendulkar akatoka bila mkimbio hata mmoja. Marudio yalionyesha mpira ukielekea kupita juu ya vijiti. Mwaka 2005, mjini Kolkata, alimtoa Tendulkar tena, safari hii kwamba mpira umegusa gongo na kudakwa. Marudio yalionyesha nafasi kati ya mpira na gongo.

Huenda umewahi kuona jinsi India inavyompenda Tendulkar. Sina mfano wa kulinganisha. Makosa hayo mawili yalitengana kwa zaidi ya mwaka mmoja, na katikati yake kulikuwa na mamia ya maamuzi sahihi ambayo hakuna aliyeyakumbuka. Lakini televisheni iliyaweka jirani, yakarudiwa na kurudiwa mpaka yakaonekana kama njama. Na ule ucheleweshaji wake, ambao zamani ulisifiwa kama busara, sasa ulisomwa kama dharau. Mtu anayekosea haraka tunasema ameteleza. Anayefikiri sana kisha akakosea tunamshuku nia.

* * *

Aprili 2007, Bridgetown, Barbados. Fainali yake ya tano, sasa akiwa na Aleem Dar wa Pakistan. Mvua ilikuwa imekula muda, giza likaingia Sri Lanka ikiwa imebakiza ova tatu na haina tena matumaini. Wachezaji wakakubali mwanga haufai. Australia wakaanza kushangilia ubingwa. Ndipo waamuzi wakawaambia mchezo haujaisha, lazima ova tatu zirushwe. Sheria ilikuwa wazi kwamba mechi ilikuwa imeshatimia. Wakarudi uwanjani, wakarusha mipira ya polepole gizani, kama watu wanaoigiza mechi. Waamuzi wote wa siku ile pamoja na msimamizi wa mechi waliachwa nje ya Kombe la Dunia la ova 20 la mwezi Septemba. Mtu wa Karachi, aliyejua kushughulika na giza kuliko yeyote, giza lilikuwa limempata.

Kisha ikaja Sydney.

Testi ya pili kati ya Australia na India ilianza tarehe 2 Januari 2008. Bucknor alikuwa na umri wa miaka 61. Siku ya kwanza, Australia ikiwa taabani, Andrew Symonds akiwa na mikimbio 30, aliugusa mpira wa Ishant Sharma ukadakwa na mlinda wiketi. Mlio ulisikika mpaka kwenye televisheni. Wahindi wakauliza wakiwa wameshaanza kushangilia. Bucknor akatikisa kichwa kukataa. Symonds alimaliza na mikimbio 162 bila kutolewa, na jioni ileile akakiri mbele ya waandishi kwamba kweli aliugusa. Siku ya mwisho, India ikipigania sare, Bucknor alimtoa Rahul Dravid kwa mpira ambao gongo lake halikuugusa. Australia ilishinda dakika chache kabla ya muda kwisha.

Mwenzake, Mark Benson, naye alikuwa na maamuzi yaliyolalamikiwa katika mechi ileile. Juu ya hayo kulikuwa na tuhuma kwamba Harbhajan Singh wa India alimtolea Symonds maneno ya ubaguzi wa rangi. India ikasimamisha safari ya timu yake na kukawa na tishio la kurudi nyumbani. Siku zilizofuata zilikuwa za simu na vikao. Bodi ya kriketi ya India, tajiri kuliko bodi zote, ilidai Bucknor asichezeshe mechi inayofuata Perth. ICC ikakubali. Billy Bowden wa New Zealand akapelekwa badala yake.

Hapa ndipo nilipokwama kila niliporudi kwenye habari hii. Alikosea, hilo halina ubishi. Alikosea vibaya, mara mbili, na makosa yake yalichangia kuamua mechi. Nafasi ya mwamuzi aliyechoka ni kupumzika. Lakini mwamuzi huru alibuniwa ili timu yenye nguvu isichague hakimu wake. Jopo zima, tiketi za ndege, hoteli, yale yote yaliyoanza na waalikwa wawili wa Imran Khan mwaka 1986, yalikuwa kwa ajili ya siku kama ile. Na siku ile ilipofika, hakimu aliondolewa katikati ya mfululizo kwa sababu upande mmoja ulikuwa umekasirika na ulikuwa na fedha.

Mambo yote mawili ni kweli, na hakuna linalofuta jingine. Wahindi walidhulumiwa. Na mtu akatolewa kafara.

* * *

Miezi sita baadaye, Julai 2008, ICC ilianza majaribio ya kitu ambacho kingeiokoa Sydney: kila timu ipewe nafasi kadhaa za kupinga uamuzi, na mwamuzi wa tatu aangalie picha. Jaribio la kwanza lilikuwa Sri Lanka, mgeni akiwa India. Wahindi hawakulipenda; rufaa zao nyingi zilikwenda upogo. Kwa miaka mingi baada ya hapo bodi yao iliukwepa mfumo huo katika mifululizo yake, ikisema teknolojia ya kufuata mpira haijaaminika vya kutosha, mpaka ilipolegeza msimamo mwaka 2016. Bodi iliyodai mwamuzi aondolewe kwa kutoona kile kilichoonekana kwenye kamera ndiyo iliyochelewa kuliko zote kumpa mwamuzi kamera.

Bucknor hakusubiri. Machi 2009 alichezesha Testi yake ya mwisho mjini Cape Town, na tarehe 29 ya mwezi huo mechi yake ya mwisho ya siku moja, Bridgetown, uwanja ule wa giza. Mfumo wa kupinga maamuzi ulizinduliwa rasmi Novemba mwaka uleule. Rekodi yake ya Testi 128 ilidumu hadi Desemba 2019, ilipovunjwa na Aleem Dar, yule aliyesimama naye katika fainali ya mwisho.

Juni 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa sababu ya korona, mzee huyu wa miaka 74 alihojiwa na redio ya Barbados. Akayataja mwenyewe: Brisbane na Kolkata. Alikiri kwamba alimtoa Tendulkar kimakosa mara zote mbili. Alisema hakuna mwamuzi anayetaka kukosea, kwamba jambo kama hilo hukaa na mtu, na kwamba kukosea ni sehemu ya ubinadamu. Kuhusu Kolkata alikumbusha kelele za Eden Gardens, ambapo mtu hasikii kitu India inapopiga. Hakuzileta kelele kama kisingizio. Alizileta kama hali ya kazi. Mwezi huohuo, kwa kuwa ndege zilikuwa haziruki, ICC iliruhusu kwa muda nchi wenyeji zitumie tena waamuzi wao. Hofu ya zamani haikurudi kwa nguvu, kwa sababu sasa kamera ilikuwepo nyuma ya kila kidole. Kazi ambayo Bucknor alizungukia dunia kuifanya, ya kuaminika kwa kuwa mgeni, mashine ilikuwa imeichukua.

Ukitazama Testi leo utaona ishara moja ambayo zamani haikuonekana mara kwa mara. Rufaa ikifaulu, sauti kutoka chumba cha televisheni inamwambia mwamuzi abadilishe uamuzi wake. Anasimama palepale, mbele ya wote, anapishanisha mikono kifuani na kugusa mabega, kulia kwa kushoto na kushoto kwa kulia. Maana yake: nilichosema, nakifuta. Kisha anatoa uamuzi mpya, mechi inaendelea, na baada ya ova moja hakuna anayekumbuka.

Kwa Brisbane, Kolkata na Sydney, Bucknor hakupata nafasi ya kugusa mabega. Ilibidi angoje aulizwe. Na alipoulizwa na mtangazaji wa redio, kwa kosa la Brisbane lililokuwa na umri wa miaka 16, alijibu kwa namna yake ileile, polepole.